Ntiro mngempa pointi ngapi?

Mwandishi ninayemjibu hapa anataka wahadhiri wa vyuo vidogo wapandishwe vyeo kwa pointi za makala za majarida ya kitaaluma tu. Haya, mchoraji Sam Ntiro tungemweka wapi? Mchaga wa Machame huyu alifundisha uchoraji Makerere, Uganda, enzi hizo bado chuo kidogo, na somo lenyewe mwalimu Mwingereza Margaret Trowell alilianzishia barazani kwake! Mwaka 1956 Ntiro alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Jumba la Sanaa za Kisasa la New York likainunua picha hiyo. Baadaye Tanganyika ikampeleka London kuwa balozi. Jarida lipi hapo? Wachoraji na watunzi wapimwe kwa kazi zao, na wapimaji wawe wanaoijua sanaa, si karani mwenye fomu.