Achafue apendavyo, mradi asiruke hatua

Juzi nilisogeza friji ili nifagie, nikakuta machicha ya nazi yamegandia ukutani, makavu, kama chokaa iliyorushwa kwa mkono. Mjukuu wangu amekwisharudi kwao Dar es Salaam tangu shule zilipofunguliwa Januari, lakini nyumba hii ya Mtwara bado inanitolea alama zake moja moja. Kifuu chini ya kochi. Kidole cha manjano kwenye pazia la jikoni. Pazia sijalifua.

Alikuja Desemba, miaka kumi, begi moja mgongoni. Basi halijafika hata Nangurukuru, mama yake alikwishanipigia simu na maagizo tele: dawa ya kifua, simu asishike usiku, asiende baharini peke yake. La mwisho likawa hili: "Na jikoni asiingie mama, atakuchafulia nyumba." Nikamwitikia. Agizo hilo sikulitekeleza, na ninaandika ili nieleze kwa nini.

Huku kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mimi humwita mume wangu, naye hunidai chakula kama mwenye nyumba. Siku ya tatu akasimama mlangoni mwa jiko: "Mke wangu, saa nane hii, mboga bado?" Mbaazi zilikuwa zimekwishaiva, zinangoja tui. Nikamwambia, "Nazi ile pale, mbuzi ile pale. Leo unakuna wewe."

Sisi tuliozoea kukuna nazi tumesahau ugumu wake. Mtoto hajui kukaa juu ya mbuzi. Anaegemea upande, kifuu kinamponyoka, kinaviringika hadi chini ya meza, anakifuata, anakileta na mchanga. Akikazana anakwangua hadi kwenye ganda, machicha yanatoka na madoa ya kahawia. Nusu ya nazi ya kwanza iliishia sakafuni, na ya pili karibu robo. Alipokamua, tui likamchirizika hadi kiwikoni, likamwagikia magoti, na kuku wakaingia ndani kwa harufu. Tui jepesi tukalitia kwanza. Tui zito lilipoingia nikampa upawa na neno moja: koroga, panda nalo na ushuke nalo, usiuache mpaka lichemke. Akauacha amfukuze kuku. Tui likakatika, mafuta upande wake, maji upande wake.

Sikumpokonya upawa. Tulikula mbaazi zile vilevile zilivyo, akaonja, akakunja uso, akaniuliza kosa lilikuwa wapi. Kesho yake kuku waliingia tena na hakugeuza hata shingo.

Fujo ile iligharimu nazi mbili na mchana mzima wa kupiga deki. Naiona ni ada, na ni ada ndogo. Ninachokiona kwenye nyumba nyingi siku hizi, hapa mjini na huko Dar, ni jiko lenye vigae linalong'aa na mtoto anayefukuzwa mlangoni: toka, utaungua, toka, utamwaga. Msichana anafukuzwa hivyo hadi anamaliza shule, kisha anasutwa kwamba hajui kupika. Mvulana hata kusutwa hasutwi, anaachwa aje kuwa mzigo wa mtu mwingine.

Mimi nilijifunzia Newala, kwenye mafiga ya bibi yangu. Wanaoijua nyanda ya Makonde wanajua kwamba kule juu maji ni shida; wanawake walikuwa wakiteremka mabondeni kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Kwa hiyo bibi yangu alikuwa na hesabu yake ya uchafu. Unga ukimwagika, alicheka. Majivu yakitapakaa, tulifagia. Ukimwaga kata ya maji, hapo ulinyamaza siku nzima. Mtoto akakua akijua kosa lipi ni dogo na lipi ni kubwa. Nadhani hilo ndilo tulilolipoteza zaidi, maana siku hizi tunapiga kelele ileile kwa kila kitu. Kidole cha manjano kwenye pazia kinapata ukali uleule wa mtoto anayechezea moto.

Kwangu kosa kubwa la jikoni ni kuruka hatua. Na huku Kusini sisemi hivyo kwa kupenda ukongwe, nasema kwa sababu vyakula vyetu vingine vina sumu.

Chukua kisamvu. Mvua zilikuwa zimeanza, muhogo umetoa majani laini, tukachuma wenyewe. Akatwanga kwa furaha, kinu kikaruka, ukuta ukawa kijani. Sawa. Lakini kilipopata dakika kumi jikoni alikuwa na njaa, akataka kutia tui, na kabla sijageuka akafunika sufuria ili kisirukeruke kwenye jiko nililokuwa nimelipangusa asubuhi. Nia yake ilikuwa njema kabisa: aliona nimechoka kusafisha. Nikafunua mfuniko, nikamkalisha chini.

Nilimweleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani, maana nimefundisha watoto wadogo miaka mingi. Ndani ya jani la muhogo mmelala kitu ambacho kikipondwa huzalisha sianidi, sumu kali. Ndiyo maana tunatwanga hasa, jani livunjike sumu itoke, kisha tunachemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ipande na mvuke iende zake. Nazi na karanga zinasubiri mpaka kazi hiyo iishe. Mfuniko unalinda jiko, haumlindi mlaji. Aliitazama sufuria ile ikirusha matone ya kijani kila upande, akasema, "Kwa hiyo bibi, ikichafua ndiyo vizuri?" Kwa kisamvu, ndiyo, mume wangu.

Muhogo wenyewe ni vivyo hivyo. Muhogo mchungu hauleti balaa ukipewa siku zake: kumenya, kuloweka, kuanika, kutwanga, kuchekecha. Balaa huja mwaka wa njaa, watu wanapotaka unga wa leo uliwe leo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji vya Mtwara viliona ugonjwa wa konzo. Mtu, mara nyingi mtoto au mama aliye katika umri wa kuzaa, anaamka miguu imekakamaa, na haimrudii tena kama ilivyokuwa. Unatokana na muhogo mchungu usioandaliwa sawasawa, unaoliwa siku nyingi pasipo samaki, maharage wala chochote cha kujenga mwili. Sikumficha mtoto habari hiyo. Tena nilimwonyesha njia ya kulowanisha unga: unautia maji ukiwa unga, unautandaza mwembamba juu ya mkeka, saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu iliyobaki inaondoka na hewa, kisha unasonga ugali siku ileile. Mkeka wangu wa maua umebaki na ukoko mweupe mpaka leo. Nimeutoa uani, umekuwa mkeka wa unga.

Korosho nilimkataza kabisa. Alitaka kubangua alizookota, na ningependa ajue, lakini mafuta ya ganda yanababua ngozi, na zikikaangwa kwa njia yetu ya zamani yanawaka moto na moshi wake unachoma macho na kifua. Ana pumu. Alikula mabibo, akachafua fulana zote mbili kwa maji yake, na doa la bibo halitoki. Mama yake anajua.

Mwanangu aliiona hali ya jiko kwenye simu ya video. Hakufurahi. Akaniambia neno ambalo limekaa nami tangu siku ile: "Mama, mimi hukuniruhusu hata kushika mwiko." Ni kweli. Nilikuwa natoka shule saa tisa, watoto watano, daftari za kusahihisha zinangoja, kilo ya mchele ikiharibika hakuna nyingine. Nilimfukuza jikoni kwa maneno yaleyale anayoyasema yeye leo. Akajua kufua, akajua kuhesabu hela, kisamvu akakijulia hotelini. Nilimwomba radhi, palepale kwenye simu, na mtoto akisikia.

Kwa hiyo simlaumu mama anayefika nyumbani saa mbili usiku, miguu imevimba kwa kusimama kwenye daladala, akakuta unga umetapakaa. Hana nafasi ya kulipa ada hiyo kila siku. Sisi mabibi tunayo. Tuna mchana mrefu, tuna ua, tuna kuku wa kumalizia machicha. Ninachowaomba wazazi ni kimoja: mkituletea watoto likizo, msiwafunge kwa agizo la kutochafua. Wapeni nguo mbovu. Wakiume na wakike, wote waje. Wala msidhani nawataka wakae kwenye moshi. Mimi mwenyewe napikia gesi siku nyingi, na kisamvu kilichosagwa kwa mashine sokoni nanunua nikichoka. Mashine imetwanga, haikuchemsha. Kazi ya moto imebaki palepale.

Na kusafisha anasafisha. Anasugua sufuria kwa majivu, anakunja mkeka, anafagia kwa chelewa. Hafikii nyuma ya friji, na sikumtuma huko.

Jumapili alinipigia kwa simu ya mama yake. Wamenunua kisamvu cha kusaga, anapika yeye. Nikasikia sufuria inatokota, na sauti ya mwanangu kwa nyuma ikilalamikia jiko.

"Shikamoo bibi. Mama anauliza, nikifunika kidogo tu?"

"Marahaba. Usifunike."

"Mama, amesema usifunike!"

Kimya kidogo, halafu nikasikia mlio wa mfuniko ukiwekwa juu ya meza.