Tunalipia Spea, Hatulipii Jicho la Fundi

Gari la zamani likianza kusitasita hapa Mombasa, yanayofuata yanajulikana. Fundi anachomeka mashine ya kusoma hitilafu, mashine inatoa namba P0335, mwenye gari anatumwa dukani kununua sensa ya kranki, inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini. Dukani sheria ni moja: vitu vya umeme havirudishwi. Gari likiendelea na tabia yake, inakuja zamu ya sensa ya kam, shafti inayofungua vali, halafu koili ya cheche, halafu "hii itakuwa kompyuta, mzee."

P0335 inasema saketi ya sensa ya kranki ina hitilafu, basi. Saketi ni sensa, waya na soketi mpaka kwenye kompyuta. Na hewa yetu ina chumvi. Fungua soketi chini ya boneti ya gari lililozeekea karibu na bahari, usishangae kukuta pini zimeota kutu ya kijani. Nani anaifungua?

Sensa zinazokufa zipo, sikatai. Zile za waya mbili zina koili ndani, na koili iliyochoka hukatika ikipata moto: gari linazima kwenye foleni ya feri Likoni saa nane mchana, likipoa linawaka kana kwamba halikufanya kitu. Ipimwe kwa mita ya umeme ikiwa baridi, kisha ikiwa moto. Ikikatika mbele ya macho yako, hapo nenda dukani.

P0016 ndiyo inayoliza watu zaidi. Maana yake kranki na kam hazikubaliani. Kwenye Probox au Vitz yenye injini ya 1NZ-FE, sensa zote mbili zaweza kuwa nzima na zinasema kweli: chaini inayounganisha kranki na kam imerefuka kwa oili isiyobadilishwa, au vali ya oili ya VVT-i, mfumo unaobadilisha wakati wa vali kufunguka, imeziba. Kubadilisha sensa hapo ni kumfukuza shahidi kwa kuwa ushahidi wake haukupendezi.

Corolla za miaka ya 1990 zenye 4A-FE au 5A-FE, zenye mkanda badala ya chaini, na distribyuta inayogawa cheche, hazitaki hata mashine. Unaunganisha TE1 na E1, pini mbili za soketi ya kupimia, kwa kipande cha waya, unahesabu taa ya injini inavyopepesa upate namba ya hitilafu. Waya ukiwa papo hapo, unapima cheche kwa taa ya taimingi: nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Lakini distribyuta inazungushwa na kamshafti. Mkanda ukiruka jino, cheche nayo inahama. Fundi analegeza distribyuta, anaizungusha, anapata 10 zake safi, anakwambia tayari. Vali bado zinafunguka wakati usio wao. Mjini gari litakudanganya. Lipandishe mwinuko wa Mazeras uone. Kifuniko cha mkanda kingefunguliwa kwanza, kranki ikazungushwa kwa mkono mpaka kwenye alama, na alama ya kam ikatazamwa, distribyuta isingeguswa.

Vipimo hivi havifanyiki kwa sababu yetu sisi wenye magari. Fundi akisema "nimetazama saa nzima, ni pini chafu," tunampa ya chai. Akisema "nimeweka sensa mpya," tunatoa pesa. Naye ana watoto.

Mimi bei ya kupima tunapatana kabla boneti haijafunguliwa, na nalipa yote hata kama tatizo ni pini. Kwa pesa hiyo nataka kusoma mita mwenyewe na kuonyeshwa alama. Akikasirika kuulizwa alama ziko wapi, naondoka na gari langu.