Namba za kawaida za neva: tukope au tupime za kwetu?

Kuna hoja nasikia sana kwa watu wa vipimo vya mishipa ya fahamu, kwamba namba za kawaida tunazolinganishia wagonjwa wetu zilipimwa kwa Wazungu, hazitufai, kila maabara ipime watu wake itengeneze za kwake. Mimi nakubali nusu.

Kwa asiyekijua kipimo chenyewe, unabandikwa elektrodi nyuma ya kifundo cha mguu upande wa nje, pale inapopita neva ya surali, neva ya hisia za mguuni, halafu sentimita 14 juu yake kwenye kigimbi unapigwa kishoti, mashine inachora kimlima. Urefu wa kimlima unasomwa kwa mikrovolti, muda wa kufika kwa milisekunde. Haya, kimlima cha mgonjwa ni 5. Ni kidogo au kiko sawa? Vitabu vingi vya kufundishia vinaweka mpaka wa chini kwenye 6, ila jedwali la AANEM, chama cha Marekani cha madaktari wa neva na misuli, la mwaka 2016, linaweka 4. Yaani mguu uleule, asubuhi ileile, kwa kitabu hiki una shida na kwa jedwali lile uko poa kabisa.

Wanaotaka za kwetu hapo wana pointi. Namba inakuja na namna ilivyopimwa, ukipiga shoti kwenye kifundo cha mkono ukadaka kidoleni kimlima kinatoka kikubwa kuliko ukipiga kidoleni ukadaka kwenye kifundo, sasa mtu anapima hivi halafu analinganisha na jedwali la waliopima vile, ni sawa na kupima unga kwa kibaba ukaulizia bei ya kilo. Umbali nao ukibadilisha umeharibu.

Lakini angalia za kwetu huwa zinatengenezwaje. Wanakusanywa wanafunzi na manesi thelathini, wote miaka 20 na kitu, wanapimwa, unachukuliwa wastani na kutolewa michepuko sanifu miwili (kipimo cha namba zinavyotawanyika), basi, hiyo ndo kawaida ya hapa. Anakuja bibi wa miaka 72 kimlima chake kidogo au hakionekani kabisa, anaandikiwa neva zimeharibika, wakati kwenye umri huo surali inaweza isionekane kwa mtu asiye na tatizo lolote. Halafu hesabu ya michepuko miwili inataka data iliyokaa sawa pande zote mbili, na vimlima havikai hivyo, wengi wanabanana chini na wachache wana virefu sana. Wenzetu wa maabara za damu kwa kazi kama hii wanataka angalau watu 120 kwa kila kundi. Thelathini utawagawaje wazee na vijana, wake kwa waume?

Na huyo mzima unamjuaje? Ukimuuliza atakwambia mzima wa afya, huku sukari hajawahi kupima, au mwaka jana alikuwa kwenye dozi ya TB, na isoniazidi, moja ya dawa zake, inajulikana kwa kuleta ganzi za miguu.

Kuna njia ya mtafiti Jabre na wenzake, unachukua matokeo ya wagonjwa wako mwenyewe, unayapanga kutoka dogo mpaka kubwa na kuyachora mstari, ile sehemu ya katikati iliyolala ndo unaichukua kuwa ya wazima. Rahisi, na nimeipenda, ila kwenye maabara ambayo karibu kila anayeletwa ni mgonjwa wa sukari sijui hao wazima watatoka wapi.

Mimi ningesema tukope la AANEM na tupime vilevile walivyopima wao, kisha tulijaribu kwa watu wetu 20 waliochujwa vizuri, wakianguka nje ya mipaka yake zaidi ya wawili ndo tuanze kuhangaika na la kwetu. Maana mengi tunayoita tofauti ya Mwafrika na Mzungu ni urefu, umri, unene wa vidole, na joto la ngozi. Hili la joto linanichekesha, jiji lina digrii 33 nje, mgonjwa anakaa saa nzima kwenye kiyoyozi miguu wazi, anapimwa mguu una digrii 27, na kila digrii ikishuka spidi ya neva inapungua kama mita 2 kwa sekunde. Beseni la maji ya vuguvugu dakika chache lingemaliza hiyo kesi.

Pia kuna hesabu haisemwi: mpaka ukiacha nje asilimia 2.5 ya wazima, ukisoma vipimo kumi visivyotegemeana kwa mtu mmoja, karibu wazima 22 kwa 100 watapata angalau kimoja kibovu. Na hiyo haiponi kwa jedwali la mtu yeyote, la kwao wala la kwetu. Ripoti nyingi lakini zinaandika tu "abnomo", mguu ulikuwa na digrii ngapi haisemwi, mpaka ni wa nani haisemwi, na daktari wa wodini anaipokea hivyohivyo anaanza kumtafutia bibi ugonjwa.