Mnapima tairi, mnahukumu injini

Kuna video inazunguka kwenye magrupu yetu ya magari. Chevrolet Chevelle SS ya 1970 imepangwa mstarini na Tesla Model S Plaid, robo maili, yaani mita 402. Taa ya kijani ikiwaka Tesla inatoweka, Chevelle inabaki ikifuka moshi karibu palepale ilipokuwa. Kisha kicheko. Chuma chakavu. Kelele tupu. Mtangazaji naye anahitimisha kwamba wazee wa Detroit, yaani watengenezaji wa magari wa Marekani, walikuwa wanawadanganya watu na hizo lita zao 7.4.

Huo moshi ndio nataka watu wauangalie tena. Hautoki kwenye injini. Unatoka kwenye tairi za nyuma, zinazozunguka bila kuishika lami kwa sababu nguvu zimezizidi. Injini inayochoma tairi namna ile haijashindwa kazi, imekosa pa kukanyagia.

Chevelle yenye LS6, ndiyo injini hiyo ya lita 7.4, ilitoka kiwandani na tairi za saizi ya F70-14, za rimu ya inchi 14. Sehemu yake inayogusa lami ni nyembamba kuliko ya tairi za magari mengi ya familia ya leo. Na si wembamba peke yake. Nyuzi zake zimepishana mshazari, ubavu ni mgumu, mpira wenyewe mkavu, na gari likiondoka kwa nguvu uso wa tairi unajikunja badala ya kulala chini. Michelin walikuwa wamesajili tairi la rediali, ambalo nyuzi zake zimenyooka kutoka ubavu hadi ubavu, tangu 1946 kule Ufaransa, lakini Marekani ya 1970 ilikuwa bado haijalizoea. Kwa hiyo dereva mzuri wa enzi zile hakukanyaga mafuta hadi chini kama mnavyomwona huyu wa kwenye video. Aliondoka injini ikinguruma chini chini, anaachia klachi taratibu, mguu wa kulia unaongeza kidogo kidogo mpaka gari lishike, ndipo anamwaga yote. Ulikuwa ujuzi, na ulichukua muda kuupata.

Vijana wetu wa Subaru hili wanalijua. Mtu anafunga tabo (turbo) kubwa, anachezea kompyuta, anamaliza akiba yake yote kwenye injini, halafu anaachwa na gari lenye nguvu ndogo kwa sababu chini amebaki na tairi za mtumba.

Dodge, nao wa Detroit, wameshatoa jibu. Walipoleta Challenger SRT Demon ya 2018, yenye nguvu za farasi 840, waliivalisha tairi za upana wa milimita 315 mbele na nyuma, tairi zilizotengenezwa kwa ajili ya kuondoka kwenye mstari wa mbio. Ikapimwa sekunde 9.65. Demon 170 ya 2023 ikafika farasi 1,025 na sekunde 8.91, nayo nyuma ina tairi za mbio za namna hiyohiyo. Zifunge hizo Demon tairi za F70-14 halafu uzipange mstarini. Zitafuka moshi kama ile Chevelle, tena zaidi.

Ndiyo maana ukipewa ile karatasi ya muda kiwanjani usikimbilie sekunde za jumla. Ina mistari kadhaa: muda wa dereva kuitikia taa, muda wa futi 60 za kwanza, muda wa katikati ya njia, muda wa robo maili, na mwisho kasi ya kumalizia. Futi 60, kama mita 18 hivi, ni habari ya tairi na mguu wa dereva. Ukipoteza sekunde hapo huzirudishi tena, hata uwe na injini ya namna gani. Kasi ya kumalizia ndiyo habari ya injini na uzito wa gari. Yapo majarida ya 1970 yaliyoipima LS6 sekunde 13 na ushei, ikivuka mstari kwa zaidi ya kilomita 165 kwa saa, na tairi zilezile nyembamba. Toyota Camry ya V6 ya juzi juzi, yenye farasi 301 na rediali za kisasa, ni gari la sekunde 14 na ushei. Kwa hiyo maneno kwamba Camry ya mama inalipiga gari lolote la misuli, yaani haya ya zamani ya Marekani yenye injini kubwa, si kweli. Baadhi inayapiga. LS6 inayoendeshwa na mtu anayejua, hapana.

Na huko Stanton, Michigan, kwa miaka mingi wenye magari haya wamekutana kwenye mbio za Pure Stock, magari yakiwa karibu kama yalivyotoka kiwandani na saizi ya tairi ileile ya asili. Wanachezea kabureta, muda wa cheche na upepo wa tairi. Wapo wanaoshuka mpaka sekunde 12.

Sasa, najua Tesla itashinda hata zikivaa tairi za aina moja. Farasi 1,020, mota tatu, magurudumu yote manne yanasukuma. Na farasi 450 ambazo LS6 ilitajwa kuwa nazo ni hesabu ya zamani, injini ikipimwa nje ya gari bila mizigo yake kama feni na ekzosi. Kampuni zilipohamia kupima injini ilivyo ndani ya gari, injini ya 454 (inchi za ujazo, sawa na lita 7.4) ya Corvette iliyotajwa kuwa na farasi 365 mwaka 1971 ikatajwa 270 mwaka 1972, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni namna ya kupima tu. Breki siziteteii. Kwenye kona nanyamaza.

Lakini jambo linaloniuma kuliko yote ni kwamba tumesahau magari haya yalitengenezewa nani. Plymouth Road Runner ya 1968 ilianzia dola 2,896. Mbele kiti kimoja kirefu cha benchi, sakafuni mpira badala ya zulia, na pesa yote iliyobaki imekwenda kwenye V8 ya farasi 335. Kijana wa kiwandani aliweza kulinunua kwa mshahara wake, na waliuza karibu 45,000 mwaka wa kwanza. Plaid ilipoingia sokoni 2021 ilikuwa karibu dola 130,000. Ukiipandisha bei ya Road Runner kwa mfumuko wa bei wote wa miaka hiyo, haifiki hata dola 30,000. Halafu mnayapanga mstarini, mnamcheka aliyeshindwa, kana kwamba wametoka duka moja.

Pangeni Road Runner yenye hiyo V8 yake, ya inchi za ujazo 383, na gari jipya ambalo pesa hiyo inanunua leo Marekani. Hiyo ni Corolla. Hapo mrekodi robo maili nzima na muioneshe karatasi ya muda, mstari kwa mstari. Mimi nipo upande wa Plymouth, na tairi zake za 1968 ziacheni hukohuko.