Joka juu ya paa, au jina la mtu?

Shaun Tan, mchoraji wa Australia ambaye baba yake alitoka Malaysia, alitoa mwaka 2006 kitabu cha picha kisichokuwa na sentensi hata moja. The Arrival, ambacho wasomaji wa Kifaransa wanakijua kama Là où vont nos pères, kinamfuata mwanamume anayemuaga mkewe na binti yake, anapanda meli, anashukia mji ambao hata herufi za mabango yake ni za kubuni. Mwaka 2008 tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa, lilikipa tuzo ya albamu bora.

Wanaokisifu wanasema msomaji naye anageuka mgeni: hajui chakula kinaliwaje wala tiketi inaombwaje. Hoja hiyo ina uzito hapa Lubumbashi, katika Katanga, kusini mwa Kongo. Mji huu ulianzishwa 1910, na kampuni ya madini ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na nchi inayoitwa leo Zambia. Kitabu kikimya hakimuulizi mtu lugha ya kwao. Bibi asiyejua kusoma anaweza kukifungua na mjukuu wake, na siku hiyo msimulizi ni yeye, si mwalimu wa shule.

Ila nikifika kwenye sababu ya kuondoka, nasita. Kwa Tan, hatari ya nyumbani ni kivuli cha mkia wa joka unaopita juu ya nyumba. Kila mtu aweke hapo adui wake; ndiyo maana kitabu kinaeleweka kila mahali. Sasa fikiria mtu achore hivyo yaliyotokea Katanga mwaka 1992 na 1993, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa na familia zikalala kwenye stesheni ya mji wa Likasi zikingoja treni. Hawakufukuzwa na joka. Walifukuzwa na majirani, vijana waliochochewa na wanasiasa ambao majina yao yanajulikana. Joka likichorwa pale, kuna watu wamesamehewa na mchoraji aliyekuwa hana msamaha wa kutoa.

Kuna jibu, tena si dhaifu. Ukiandika majina, kitabu kitasomwa na upande mmoja tu. Watoto wa pande zote mbili wanakaa dawati moja leo, na picha isiyomtaja mtu inaweza kuwafanya waulize nyumbani. Sawa. Lakini nyumba nyingi hazina wa kujibu, au anayejibu ana toleo lake tu.

Tena, picha za mji huu hazikuzoea kunyamaza. Mchoraji wa hapa, Tshibumba Kanda Matulu, alipochora historia ya nchi miaka ya 1970, karibu picha mia moja kwa ajili ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliandika juu ya turubai, kisha akazieleza kwa Kiswahili chetu hiki kilichochanganyika na Kifaransa. Kwenye picha ya kifo cha Lumumba na wenzake Mpolo na Okito ameweka tarehe: 17 Januari 1961. Nyuma kuna misalaba mitatu. Ondoa maandishi, inabaki Golgotha ya yeyote.

Kwa habari za kufika ugenini, basi, namfuata Tan bila ubishi. Kwa habari za kufukuzwa, mchoraji wa hapa anyamaze kurasa zote akitaka, ila ukuta wa stesheni usibaki mtupu: Likasi, na mwaka.