Kumbukumbu ziwe siri ndipo utafutaji uwe na maana

Mtu anayeandika kumbukumbu zake kwenye simu huku akihisi kuna jicho la pili haandiki yote. Atamtaja daktari, ugonjwa ataukwepa. Ataandika deni, jina la anayemdai ataliacha. Miezi ikipita, kumbukumbu ya namna hiyo haimsaidii hata yeye mwenyewe, maana maneno ambayo angeyatafuta ndiyo yale yale aliyoyaficha. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na wanaodai kwamba usiri ni wa watu wenye mambo ya kuficha. Kwenye programu ya kumbukumbu binafsi, usiri ndio unaokupa kitu cha kutafuta.

Tazama kumbukumbu hii: "Mtoto katoka vipele mgongoni na mapajani, siku ya tatu ya amoksilini. Daktari kasema asipewe tena. Aleji, mzio, antibayotiki." Maneno matatu ya mwisho hayajaunda sentensi yoyote, lakini yana kazi kubwa. Siku mfamasia anapouliza kama kuna dawa inayomdhuru mtoto, jina "amoksilini" huenda limeshakutoka kichwani. Utaandika "aleji", au "mzio", na jibu litatokea pamoja na tarehe. Kumbukumbu nzuri huandikwa kwa kumfikiria yule atakayeitafuta akiwa na haraka, amechoka, na amesahau nusu ya mambo.

Mafolda siyaamini sana. Yanakutaka uamue leo jambo ni la wapi, na kesho ukumbuke uliamua nini. Programu yenye utafutaji mzuri hutengeneza faharasa ya maneno yote, nawe unahitaji kukumbuka neno moja tu. Picha ya risiti isiyo na maelezo ni suala jingine: kama programu haisomi maandishi yaliyo ndani ya picha, andika chini yake jina la kifaa na neno "dhamana".

Sasa, siri ni siri kiasi gani? Evernote, mojawapo ya programu za kumbukumbu, ilipotangaza mwishoni mwa 2016 kwamba baadhi ya wafanyakazi wake wangeweza kusoma maandishi ya watumiaji ili kuboresha teknolojia yake ya kujifunza kwa mashine, watumiaji walikuja juu na kampuni ikarudi nyuma ndani ya siku chache. Kilichonigusa ni kwamba uwezo wa kusoma ulikuwepo tayari. Kilichojadiliwa kilikuwa ruhusa tu. Usiri ninaoutetea ni ule wa maandishi kusimbwa, yaani kugeuzwa yasisomeke bila ufunguo, ndani ya simu yako kabla hayajatumwa popote, ufunguo ukibaki kwako. Programu ya Standard Notes hufanya hivyo moja kwa moja. Joplin inaweza, ila lazima uuwashe mwenyewe usimbaji huo kwenye mipangilio. Obsidian huhifadhi mafaili ya kawaida kwenye kifaa chako, hivyo anayekifungua kifaa anasoma kila kitu. Funga simu na kompyuta yako ipasavyo.

Mpango huu una gharama zake. Seva, yaani kompyuta ya kampuni inayotunza maandishi yako, isipoweza kuyasoma haiwezi kukutafutia, kwa hiyo kazi yote hufanyika kwenye kifaa, na simu ya zamani yenye maandishi mengi itasuasua. Ukisahau nenosiri, mara nyingi hakuna wa kukurudishia. Naikubali gharama hiyo bila kinyongo: nenosiri liandikwe kwenye karatasi na karatasi ifungiwe mahali salama. Manenosiri ya benki na ya barua pepe yasiwekwe humo kabisa, yana programu zake kama KeePass na Bitwarden.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa, nalo ni jinsi ya kuihama programu na kumbukumbu zako. Desemba 2023 Evernote iliwawekea watumiaji wa bure kikomo cha kumbukumbu 50 na daftari moja. Aliyezidisha hakuweza kuongeza mpya. Makampuni hubadili masharti, huuzwa, hufungwa. Kwa hiyo kabla hujahamia programu yoyote, andika humo kumbukumbu chache, mojawapo ikiwa na picha, kisha zihamishe zote na uzifungue kwa programu nyingine. Tazama kama tarehe zimebaki, kama picha imekuja, na kama ukitafuta "aleji" bado unaipata.