Boga lisingoje Ramadhani

Jumamosi asubuhi nyumbani kwetu hapa Dar es Salaam hakuna haraka. Basi la shule halipigi honi saa kumi na mbili kasorobo, wala hakuna anayetafuta soksi. Ndiyo siku ambayo sote watano tunakaa mkekani kunywa chai pamoja, na huu ni mwaka wa tatu chai hiyo inashushiwa na chapati za maji za boga. Boga la gengeni, unga wa atta, mayai na tui la nazi, basi. Nimeona niandike kwa sababu naamini boga tunalidhulumu, na wanaoumia ni watoto wetu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu boga lilikuwa na msimu wake, na msimu huo ulifuata mwezi, haukufuata mvua. Ramadhani ikiandama, boga la nazi linaingia kwenye futari pamoja na tambi, mihogo na magimbi. Mwezi wa Shawwal ukiandama, boga nalo limetoka. Miezi kumi na mmoja linakaa pembeni ya genge, watu wanalipita wakiulizia nyanya na vitunguu. Ndugu zetu wengi wa bara wao walilelewa na boga la kuchemsha, lakini mtu akishahamia mjini analiacha huko kijijini pamoja na jembe. Nimewahi kumsikia mama mmoja akisema mbele ya wageni kwamba boga ni chakula cha shida. Neno lile liliniuma, maana mezani kwake palikuwa na mkate mweupe wa silesi na juisi ya pakiti, na watoto wake wawili walikuwa wakisinzia kabla hata saa nne haijafika.

Sisemi kwa kumcheka. Mimi mwenyewe nilikuwa huko. Mwanangu wa kwanza alipoanza shule nilikuwa namnunulia nafaka zile za kwenye boksi, za kumiminia maziwa, zenye picha ya mtoto anayeruka. Boksi limeandikwa vitamini mbele, upande wa pili na juu. Siku moja, nikisubiri maziwa yachemke, nikasoma yale maandishi madogo ya pembeni: katika kila gramu 100, sukari ilizidi gramu 25. Robo nzima ya kile nilichokuwa nampa mtoto kwa jina la afya ilikuwa sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni kama vijiko sita vya chai kwa siku nzima. Mtoto anayekula kidogo kuliko sisi, kiasi chake ni kidogo zaidi. Sasa jumlisha boksi, chai yenye sukari na biskuti ya mapumziko.

Boga lina utamu wake lenyewe. Hilo ndilo jambo la kwanza lililonivuta. Ukipata boga la unga, lile kavu lisilo na maji mengi, huhitaji kutia sukari hata punje.

La pili ni ile rangi. Rangi ya machungwa ya boga inatokana na karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, vitamini ya macho na ya kinga. Kila mzazi wa Tanzania anayajua yale matone ambayo watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapewa kliniki mara mbili kwa mwaka. Ni vitamini A hiyo hiyo, na anayeikosa kwa muda mrefu huanza kwa kutoona vizuri gizani. Naomba nieleweke: boga si badala ya matone, mpeleke mtoto kliniki siku yake ikifika. Ninachosema ni kwamba kati ya matone na matone kuna miezi sita ya kula. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani walipewa wataalamu wanne, na watatu kati yao, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walitunukiwa kwa kazi ya viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa, hivi tunavyoviita viazi lishe. Kilichothaminiwa ni karotini hiyo hiyo, kwenye chakula ambacho mkulima mdogo anaweza kukipanda nyuma ya nyumba. Boga la rangi iliyokolea nalo ni la ukoo huo kwa lishe, na limekuwa likitambaa kwenye viunga vyetu bila kupigiwa ngoma.

Na hapa bibi zetu walikuwa na jambo lao. Karotini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta, na mwili hauwezi kuifyonza vizuri pasipo mafuta kidogo. Boga la nazi, boga la karanga: haya si mapishi ya kuongeza utamu tu. Ndiyo maana chapati zangu hazikosi tui, na anayemchemshia mtoto boga tupu kwa kuogopa mafuta yote anajinyima sehemu ya kile anachokitafuta.

Lakini nisilipambe kupita kiasi. Sehemu kubwa ya boga bichi ni maji. Protini yake ni kidogo, na nyuzinyuzi si nyingi kama wengi wanavyodhani. Mtoto akila boga peke yake saa kumi na mbili, saa tatu ana njaa. Ndipo unapokuja umuhimu wa mayai, na wa atta, ngano ambayo haijavuliwa pumba zake. Na mwenye kisukari akumbuke kwamba unga bado ni unga hata ukiwa na rangi nzuri. Ahesabu chapati zake kama anavyohesabu siku nyingine.

Sasa jikoni. Kazi kubwa ni kuchagua boga, mengine ni mepesi. Boga zima liwe zito kuliko unavyolitegemea ukilitazama, kikonyo chake kiwe kimekauka, na ukibonyeza ganda kwa ukucha usiingie. Likiwa la vipande ni rahisi zaidi, kwa sababu unaliona tumbo lake: nyama iwe nene, imekolea rangi, na pale kisu kilipopita pasiwe na matone ya maji. Mwuzaji wangu wa gengeni siku hizi hanisubiri niulize. Akiniona tu ananiambia, "Dada, la leo ni la maji, njoo Alhamisi." Namshukuru kwa ukweli wake, maana boga la maji linageuza rojo kuwa uji, na chapati hazigeuziki.

Nalikata vipande vikubwa pamoja na ganda lake, nalipika Ijumaa usiku kwa mvuke, au kwa maji kidogo sana chini ya sufuria iliyofunikwa vizuri. Usilizamishe. Likishaiva nalichota kwa kijiko kutoka kwenye ganda, nalieneza kwenye sinia lipoe na kutoa mvuke wake, kisha nalisaga kwa mwiko. Ule muda wa kwenye sinia usiuruke. Hata dakika kumi zinatosha boga kushikamana na kuwa kama siagi laini.

Asubuhi, kikombe kimoja cha boga nakipigia na mayai mawili mpaka vichanganyike kabisa. Natia kikombe kimoja na nusu cha tui jepesi, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki iliyotwangwa wakati ule ule na mdalasini kidogo. Halafu vikombe viwili vya unga. Nusu atta, nusu ngano ya kawaida, kwa sababu atta tupu inafanya chapati kuwa nzito na watoto wanaikimbia. Unga natia kidogo kidogo huku nakoroga ili usifanye madonge. Rojo liwe linateremka kwenye upawa kama uji mwepesi, likikataa ongeza tui. Kisha nalifunika kwa dakika ishirini. Watu wengi hawalipumzishi rojo, na ndio hao wanaolalamika chapati zinachanika. Pumba za atta zinahitaji muda wa kunywa.

Kikaango kipate moto wa wastani, mafuta nusu kijiko yapakwe, yasimwagwe. Namimina upawa mmoja, nazungusha kikaango mpaka rojo lifike ukingoni, kisha natulia. Ukiliangalia rojo utaliona: kwanza linang'aa, halafu linafifia kuanzia pembeni kuja katikati, vishimo vidogo vinafunguka juu yake kama mchanga wa pwani kaa wakianza kutoka. Hapo ndipo pa kugeuza. Ukigeuza mapema rojo linanata, kwa sababu halijakauka vya kutosha. Upande wa pili ni nusu ya muda wa kwanza tu. Harufu inayotoka ni ya iliki na kitu kama mahindi ya kuchoma, na hapo ndipo hata yule wa kidato cha tatu, anayependa usingizi kuliko sote, anatoka chumbani bila kuitwa.

Tunakula na karanga za kusaga, kipande cha papai na chai ya maziwa. Sukari ipo kwenye kopo lake, anayetaka aweke kwenye chai. Kwenye chapati haiingii.

Mdogo wangu anayeishi Marekani alipokuja likizo alinibebea mashine ya kuokea wafo, vile vikate vyenye vishimo kama sega la nyuki. Kule wanazitengeneza za boga majira yao ya vuli, na boga wanalotumia wengi wao ni la kopo, kwani jimbo la Illinois linalima maboga mengi sana ya kusindikwa. Nilijaribu kwa rojo langu hili hili, nikapunguza tui hadi kikombe kimoja na kuongeza yai la tatu. Zilitoka nzuri, za kahawia, ngumu kidogo kwa nje, na mdogo wangu alinyamaza akala tatu. Baadaye akaniambia boga la kopo halina harufu hii. Mwenye mashine aitumie. Ila asiye nayo asidhani amepungukiwa na chochote, kwa sababu kilicho cha maana kiko ndani ya rojo.

Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Kwangu hilo ni agizo la jikoni kabisa. Mbegu naziosha, naanika kwenye ungo, nazikaanga bila mafuta, na watoto wanazibeba shuleni badala ya biskuti. Protini inayokosekana kwenye nyama ya boga imejificha humo, pamoja na madini ya zinki. Majani yake, msusa, yanapikwa kwa nazi mchana. Hakuna pakiti dukani inayokupa milo mitatu namna hiyo, na hicho kipande changu cha Ijumaa sijawahi kukinunua zaidi ya shilingi 2,000.

Mama mkwe alipotukuta mara ya kwanza tunakula hizi chapati alishangaa. "Mwanangu, boga la futari umelileta kwenye chai?" Nikamwambia, "Shikamoo mama, karibu, onja kwanza." Alionja kipande kwa heshima tu. Kisha akakivuta kile kisahani karibu yake, akauliza tui nimetia kiasi gani.

Mwezi uliopita alikuja kutoka Muheza na kiroba begani. Hajakaa vizuri, akakifungua na kutoa maboga mawili ya kijivu, mazito, yenye vikonyo vilivyokauka kama kuni. Akayapanga sakafuni karibu na mlango wa jikoni, akayagonga moja moja kwa vidole, akasikiliza.

"Haya ni ya unga," akasema. "Lile dogo lianze wewe Jumamosi. Hili kubwa nitapika mwenyewe, mnitazame."